Pikipiki ya Bure na Ndama wa Watu

Mimi ni mtu wa pupa. Nasema mwenyewe kabla hajasema mwingine. Nina cherehani yangu mjini Moshi, barazani kwa duka la vitambaa karibu na soko, na hata nikiwa nimeikalia mguu unatangulia kukanyaga kabla sijapanga kitambaa. Mama yangu alizoea kuwaambia watu kwamba nilizaliwa njiani, mkunga hajafika, kwa kuwa sikuwa na subira hata ya kuzaliwa. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao.

Nilishinda pikipiki. Ilikuwa promosheni ya sabuni ya unga: ndani ya pakiti unakuta kikaratasi chenye namba, unaituma kwa simu, unasubiri bahati yako. Sabuni ile nilikuwa naitumia tangu zamani, kwa hiyo namba nilikuwa natuma tu, kama mtu anayejikuna bila kuwashwa. Siku hiyo nilikuwa na sare za shule zimenijaa mpaka magotini, simu ikaita. Sauti ya binti, tamu kama amekunywa uji wa maziwa. "Hongera sana mama yangu, umejishindia pikipiki mpya kabisa!"

Nikamwambia akamtapeli mama yake mzazi. Nikakata.

Kesho yake akapiga tena, nikamtukana tena, sasa kwa utulivu. Siku ya tatu mwenye duka akatoka ndani mbio ameshika redio yake ya betri, akisema namba za mwisho za simu yangu zimesomwa hewani, na mkoa umetajwa. Nikampigia yule binti mwenyewe, nikamwomba radhi mpaka nikaona haya, na yeye akanicheka kwa upole akasema wamezoea. Ningekuwa nimetapeliwa ningepona, ningelia siku mbili nikarudi kwenye sare zangu. Ubaya wake ilikuwa kweli.

Mnayajua yale maneno yanayosomwa mbiombio mwishoni mwa tangazo, kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa? Mimi nilikuwa nayasikia kila siku kama watu wanavyosikia kelele za mashine ya kusaga. Sasa binti akanisomea yote polepole. Zawadi inachukuliwa Dar es Salaam, na mshindi mwenyewe, siyo ndugu. Siku kumi tu, zikipita anapewa mwingine. Kodi ya zawadi mshindi anajilipia. Usajili anajilipia. Bima anajilipia. Kusafirisha mpaka Moshi, ni juu yake. Halafu akaniuliza majina yangu kamili, na hapo tukakwama, kwa sababu kwenye kitambulisho nina jina la baba yangu na kwenye laini ya simu nina jina la marehemu mume wangu. "Basi mama utatuletea kiapo cha wakili," akasema. Kwa upole vilevile.

Nikatafuta hela kama kuku anayetafuta pa kutagia. Zangu zote zilikuwa zimelala kwenye vitambaa vya sare. Kikundi chetu cha kuwekeana nilikuwa nimeshakopa na sijamaliza. Kaka zangu, mmoja alisema ni matapeli, mwingine hakupokea simu. Siku ya nne, Ijumaa, nikapanda Uru kwa mama.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa ndani, analishwa bandani kama ilivyo kwetu mlimani ambako hakuna pa kuchungia. Ng'ombe yule alikuwa wake, ila alikuwa na historia. Akina mama wa kanisa wana utaratibu wao: mmoja anapewa mtamba, anamtunza mpaka azae, na ndama jike wa kwanza, akishaacha kunyonya, anakabidhiwa kwa mama anayefuata kwenye orodha. Wanafanya Jumapili baada ya ibada, ndama anafungwa maua shingoni, watu wanapiga vigelegele. Ndama huyo hahesabiwi kuwa wako hata kwa siku moja. Unamlelea mwenzio, basi. Na ukimpa huyo, umemaliza, ng'ombe ni wako na uzao wake wote unaofuata.

Wa mama alikuwa amezaa madume mawili mfululizo. Aliyekuwa anafuata kwenye orodha ni jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mjane kama mama, anauza ndizi. Amesubiri madume yote mawili bila kununa. Mara ya tatu akazaliwa jike, mwekundu, ana baka jeupe usoni. Yule jirani alishangilia kuliko alivyoshangilia wajukuu zake. Kila jioni alikuwa anavuka mfereji na mzigo wa majani kichwani, anamwekea ng'ombe wa mama, anasimama kumkuna ndama nyuma ya masikio, anamwita mwanangu. Kwake alikuwa ameshajenga banda, sakafu ya mawe, hori la mbao mpya. Ulibaki kama mwezi mmoja ndama aachishwe.

Haya yote nilikuwa nayajua. Sitaki mtu anitafutie udhuru.

Nilimsihi mama tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi usiku. Nilimwambia pikipiki italeta hela kila wiki, nitampa dereva kwa mkataba, baada ya miezi michache nitamnunulia ng'ombe wawili. Nilimfuata jikoni, nilimfuata shambani kwenye migomba, nilimfuata mpaka anakwenda kunawa uso. Mama si mtu wa maneno mengi. Alikuwa anasema tu "mh" na kuendelea na kazi yake. Jumapili baada ya kanisa akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akaniambia:

"Ng'ombe ni wangu, nakupa. Ndama si wangu. Huyo usimguse. Nitamnyonyesha kwa chupa mwezi uliobaki."

Nikamkumbatia. Nikamwambia aika, mama, asante sana. Nilikuwa na furaha ya kweli na nilikusudia kutii, naapa.

Jirani hakuwepo wiki hiyo. Binti yake aliyeolewa Tarakea alikuwa amejifungua, na yeye alikwenda kumpikia mtori na kumkanda, kama mama yeyote anavyofanya. Kabla ya kuondoka alimwachia mama majani ya siku tatu na akamwomba amwangalizie mtoto. Mtoto, maana yake ndama.

Jumatatu asubuhi nikamleta mnunuzi kutoka Bomang'ombe, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, amekuja na kenta na dereva. Akamzunguka ng'ombe, akamshika kiwele, akamtazama meno. Halafu akasema huyu simchukui bila ndama wake. Eti ng'ombe wa namna hii ukimtenga na ndama ghafla anafunga maziwa, na yeye ana mteja Arusha anayetaka maziwa siku hiyohiyo. Wote wawili, au anageuza gari. Nikamwambia ndama ni wa watu. Akasema sawa, akaanza kutembea kwenda kwenye gari lake. Hakuwa anaigiza, au kama alikuwa anaigiza basi alijua kuigiza.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kichwani nilikuwa napiga hesabu za basi, za wakili, za bima, naziona siku zinaniponyoka. Mama alikuwa ndani anamchemshia mgeni chai. Ningeweza kumwita. Ilikuwa hatua kumi. Nikasema, "Haya, mpakieni."

Ng'ombe aliwasumbua kidogo. Ndama hakusumbua, alimfuata mama yake juu ya ubao kama anakwenda kunywa maji.

Mama akatoka na kikombe cha chai. Akaona gari, akaona baka jeupe kati ya mbao za bodi. Akakiweka kikombe chini kwenye udongo, taratibu, chai isimwagike. Hakupiga kelele. Laiti angepiga, mimi kelele nazijua, ningepigana nazo.

"Mwambie ashushe," akasema.

"Mama, mwezi mmoja tu. Nitamnunulia mzuri kuliko huyu, na hata atakaporudi yule mama..."

"Mwambie ashushe."

Nikamgeukia dereva nikamwambia awashe gari. Nilipoondoka mama alikuwa bado amesimama palepale, na kile kikombe miguuni. Nikajiambia atazoea. Ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayohayo, huku nateremka na hela kwenye sidiria.

Dar sitaki kuieleza sana. Nililala siku mbili kwenye nyumba ya wageni yenye joto la tanuri. Sherehe ilifanyika mbele ya duka kubwa, wakanivisha fulana ya kampuni inayonifika magotini, wakanipa ufunguo uliokatwa kwa boksi, mrefu kama mimi, niushike kwa picha. Mshereheshaji akanguruma kwenye spika: "Mama huyu hajatoa hata shilingi moja! Hajatoa hata shilingi!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikacheka na meno yote nje, maana wananipiga picha, ningefanyaje? Kisha nikapelekwa chumba cha nyuma kwenye meza ya kulipia, na pale hapakuwa na spika.

Nilipotoka mle bado kulikuwa na kufunga pikipiki kwa mbao, na wapakiaji, na mizigo ya basi, na washushaji. Moshi ikafika tangi tupu na betri imekufa. Nikasimama stendi na pikipiki yangu nyekundu inayong'aa, watu wamenizunguka wananipongeza, ndipo mzee mmoja akaniuliza, "Sasa mama, utaipeleka vipi nyumbani?" Loo! Sijui kuendesha hata baiskeli. Katika siku zote zile za kuhaha swali hilo halikuwahi kunijia, au lilinijia nikalisukuma.

Nikampa dereva kwa mkataba, kama nilivyopanga. Wiki ya kwanza alileta pungufu, wiki ya pili alileta maelezo. Mara trafiki, mara tairi, mara mvua, mara njia za huko juu zina utelezi na mashine inachemka. Labda alikuwa mkweli. Mimi nilikuwa simsikilizi vizuri, kwa sababu wakati huo jirani alikuwa amesharudi kutoka Tarakea.

Mama ndiye aliyenipigia kuniambia. Akasema, "Amerudi. Amekuja jioni na majani, amekuta banda tupu. Nimemwambia mwanangu atakuja kukueleza. Mimi sitaeleza. Njoo useme mwenyewe." Akakata simu. Mama hakuwahi kunikatia simu.

Nilitakiwa kupanda siku hiyohiyo. Kutoka mjini mpaka Uru si safari ya kumtisha mtu. Lakini mimi, mtu wa pupa, nisiyeweza kusubiri maji yachemke, nilikaa wiki tatu. Kila asubuhi nilisema leo, kila mchana nilipata sababu. Mteja fulani ana harusi. Mvua imeshika huko mlimani, haupo hata mwanya wa kuuona mlima. Nikashona mkono wa gauni ndani nje, nikafumua, nikaushona tena vilevile. Nikagombana na mwenye duka kwa ajili ya ufagio. Usingizi ukanikimbia, chakula nakitafuna hakishuki. Nilikuwa naona tu yule mama anavuka mfereji, na sikutaka kuona zaidi ya hapo.

Mwisho nikaiuza pikipiki. Aliyeinunua alijua nina shida, uso wangu ulikuwa unamwambia kabla sijafungua mdomo, akanipa anachotaka yeye. Hela ile haikutosha ng'ombe wa mama. Ilitosha mtamba mmoja mdogo. Nikaenda Bomang'ombe kwa mfugaji, nikachagua mzuri kuliko wote, nikauliza chanjo, nikauliza mama yake anatoa maziwa kiasi gani, nikakodi pikapu. Roho ilianza kutulia. Nikasema sasa haya yanakwisha leo.

Nilipitia kwanza kwa mama. Akamtazama yule mtamba akasema ni mzuri. Kisha nikachukua kisu nikaenda mpakani mwa shamba nikakata isale. Wasio wa kwetu niwaeleze: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha mipaka, na kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu, hata kosa kubwa namna gani, ukamwendea na jani la isale mkononi, anakusamehe. Halikataliwi. Watu waliokuwa hawazikani wamepatanishwa na jani hilo. Hata wanasheria wa kwetu walioko Dar wakigombana na ndugu zao wanarudi kulichuma.

Tukavuka mfereji, mama mbele, mimi nyuma nimemshika mtamba kwa kamba, jani nimelificha kwenye khanga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Alikuwa anamenya ndizi uani. Akaweka kisu chini.

Nikaeleza yote. Sikuficha mnunuzi, sikuficha kwamba mama alinikataza mara mbili, sikuficha kwamba nilingoja wiki tatu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha. Kisha akainuka akamwendea mtamba, akamshika sikio, akamfungua mdomo, akamtazama kwato na kiwele.

"Ametoka wapi?"

"Bomang'ombe, kwa mfugaji. Amechanjwa."

Akaichukua kamba mkononi mwangu akampeleka bandani. Tukasikia anampangia majani. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya kenta, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Jirani akarudi, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda chake. Nikapiga magoti, nikatoa isale kwenye khanga, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Hakunyoosha yake.

"Umelikata leo?" akauliza.

"Leo, mama. Sasa hivi."

"Linaonekana. Bichi kabisa." Akajifuta mikono kwenye vazi lake. "Mwanangu, mtamba nimempokea. Hana kosa lolote, na banda limekaa tupu sana. Hilo jani rudi nalo."

Mama akashika mdomo. "Ee Ruwa, Mungu wangu! Mama, isale halikataliwi."

"Sijalikataa," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ningelikataa ningelitupa mferejini. Nasema bado. Wiki tatu nimelala najipekua nimewakosea nini. Nikadhani jina langu limekatwa kwenye orodha, ndama amepewa mwingine, na wewe mama mwenzangu unaona haya kuniambia. Nilikuwa nakupita kanisani najiuliza ni neno gani nililosema. Hata majani yangu nikaona labda yalikuwa mabaya." Akanigeukia mimi. "Sikupata nafasi ya kukasirika hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nadhani mwenye kosa ni mimi. Leo ndiyo kwanza najua. Na leo hiihii unataka nisamehe. Hapana. Niache na mimi nikasirike kwanza, nikasirike vizuri, kama mtu mwingine yeyote. Nikimaliza nitakuita."

Nilikuwa bado nimepiga magoti, jani mkononi. Nikahisi machozi yananishuka mpaka kidevuni.

"Utaniita lini, mama?" nikauliza.

Hata hapo, jamani. Hata hapo nikauliza lini.

Alichukua kisu chake akaendelea kumenya ndizi, na mama akaninyanyua kwa kwapa tukarudi kwetu. Huu sasa ni mwaka wa pili. Tukikutana kanisani namwamkia, ananiitikia vizuri tu, ananiuliza habari za mjini na kazi. Hajaniita.